Kutoka Woga Hadi Kicheko: Historia ya Karishika na Filamu za Pepo Katika Kongo

Watu wengi waliokuwa watoto kuelekea mwaka 2000 bado wanalikumbuka jina moja: Karishika. Ni filamu ya Nigeria iliyotoka katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Aliyeiongoza ni Christian Onu, na mwigizaji Becky Okorie ndiye aliyevaa sura ya malkia wa mapepo. Wakati ule, mtoto aliyeitazama usiku aliomba asindikizwe hata kwenda choo cha nje. Leo vijana wanaitazama filamu ileile kwenye simu, wanacheka mpaka machozi, wanarudisha nyuma na kucheka tena.

Filamu haikuongezwa kitu wala kupunguzwa. Waliobadilika ni watazamaji. Kwa mji kama Kamina, jambo hili si la mchezo tu, kwa sababu swali lililo ndani ya Karishika ni lile linaloulizwa katika nyumba nyingi mtu anapougua au kazi inapokwisha: nani ameleta mabaya haya? Jibu la swali hilo limewafukuza watoto nyumbani, hapa Kongo na kwingine.

Hadithi ya malkia wa mapepo

Kisa chake ni chepesi. Lusiferi anakaa kuzimu pamoja na watumishi wake na kumtuma Karishika duniani akaziharibu nafsi za watu. Karishika anakuja akiwa mwanamke mzuri, mwenye mavazi ya mjini. Wanaume wanamfuata wenyewe. Mmoja anapoteza akili, mwingine anakufa, mwingine anapoteza mali na nyumba. Wanawake nao wanaingizwa katika kazi yake. Mwishoni inabaki nguvu ya maombi peke yake.

Hadithi ya namna hii haikuwa ngeni kwa Mkongo. Mwanamke mzuri asiyejulikana alikotoka, utajiri unaokuja kwa usiku mmoja, mume anayebadilika bila sababu: mambo hayo yalikuwa katika masimulizi ya jioni kabla video haijafika. Filamu ilichofanya ni kuyapa sura. Jambo lililosemwa kwa sauti ya chini sasa lilionekana kwa macho, lina nguo, lina gari, lina muziki wake.

Sinema yenyewe ilikuwa na umri mdogo. Watu wengi huihesabu biashara ya filamu za video za Nigeria tangu Living in Bondage, iliyotolewa mwaka 1992 na mfanyabiashara Kenneth Nnebue. Nayo ilikuwa habari ya mtu anayemtoa mke wake kafara ili apate fedha. Filamu hizo hazikuwa na studio kubwa. Zilipigwa kwa kamera ya video, kwa siku chache, katika nyumba za watu, kisha zikatiwa kwenye kaseti na kuuzwa sokoni. Njia hiyo ilizaa matunda mengi. Uchunguzi wa UNESCO ulihesabu filamu 872 zilizotengenezwa Nigeria mwaka 2006. India ilikuwa na 1,091, Marekani 485.

Kaseti inasafiri, nchi iko vitani

Kongo ilizipokea filamu hizo katika miaka migumu. Vita vya 1996 na 1997 vilimwondoa Mobutu. Vita vya pili vilianza mwezi wa Agosti 1998 na kuendelea hadi 2003. Katika Katanga, mstari wa mapigano ulipita kaskazini: Manono iliangukia mikononi mwa waasi na wenzao mwaka 1999, na Pweto mwezi wa Desemba 2000. Familia nyingi zilitembea kwa miguu kuelekea kusini na magharibi. Kamina ilibaki upande wa serikali, na uwanja wake wa ndege wa kijeshi, uliojengwa na Wabelgiji baada ya vita vya pili vya dunia, ukawa mahali pa askari na silaha.

Mji huu umezoea kupokea vitu na watu kwa njia ya reli. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 ilifunguliwa njia kutoka Bukama kupita Kamina mpaka Port-Francqui, ambayo leo inaitwa Ilebo, na mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likakamilika. Kwa hiyo kila kinachotoka Lubumbashi au Kasai kinapita hapa: unga, vitambaa, samaki wa kukausha, radio, na baadaye televisheni na kaseti.

Katika Kinshasa, televisheni za mji zilianza kuonyesha filamu za Nigeria, na wachungaji wa makanisa ya uamsho wakazitumia kama mahubiri. Mtaalamu Katrien Pype, aliyeishi na waigizaji wa Kinshasa katika miaka ya 2000, ameandika jinsi watu walivyozitazama. Kwa wengi wao hazikuwa hadithi za kubuni. Walizichukua kama ushahidi wa mambo yanayofanyika kweli gizani. Vikundi vya maigizo vya Kinshasa navyo vikatengeneza michezo ya televisheni yenye walozi, mapepo na wachungaji wanaoshinda.

Basi woga wa Karishika haukuwa wa filamu peke yake. Ulikuwa woga wa watu waliokuwa wakizika ndugu kila mara, waliofungiwa kazi, waliolala bila kujua kesho italeta nini. Filamu iliwaambia kwamba mabaya yana jina na yana sura. Hilo linatisha, lakini linafariji pia, maana adui mwenye sura anaweza kupigwa.

Sauti juu ya picha

Kicheko nacho kiliingia mapema, na mara nyingi kiliingia kwa mlango wa lugha. Filamu za Nigeria zinasema Kiingereza, na Kongo inasema lugha nyingine. Ilibidi mtu asimame kati ya picha na watazamaji awaeleze. Katika Kinshasa sauti ya Kilingala iliwekwa juu ya maneno ya waigizaji. Katika Tanzania, mtu aliyejulikana kwa jina la Lufufu alipata sifa kwa kuzisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili. Uganda ina wasimulizi wanaoitwa VJ, na Kenya inamjua DJ Afro.

Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Anaongeza utani, anamwita muuaji kwa jina la mtu anayejulikana mtaani, anamwonya shujaa asifungue mlango, anamcheka mwanaume anayetongozwa na pepo. Mara moja pepo la Lagos linakuwa jirani. Mtu anayeogopa anasikia sauti pembeni yake inayomwambia: tazama huyu mjinga, anaingia mwenyewe! Na chumba kizima kinaangua kicheko.

Waluba wanaijua kazi hiyo tangu zamani. Katika habari za mwanzo wa ufalme wao, Nkongolo aliogopa nguvu za Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi Kiluwe. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika Kalala Ilunga aje acheze ngoma juu yake. Aliyemwokoa ni mpiga ngoma: kwa mapigo yake alimwonya, na kijana akachoma mkeka kwa mkuki, akaliona shimo, akakimbia. Mpiga ngoma hakusimamisha mchezo. Aliendelea kupiga, na ndani ya mapigo hayohayo akasema ukweli. Msimulizi mzuri wa filamu anafanya vilevile: anaacha picha iende, lakini anaonyesha mahali ambapo shimo limefunikwa.

Kongo ilikuwa pia na mazoea ya kucheka mbele ya picha. Katika miaka ya 1950, padri wa Kibelgiji Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai filamu fupi za watu wawili wa kuchekesha, Matamata na Pilipili. Zilitengenezwa chini ya ukoloni, kwa nia ya kufundisha wenyeji tabia ambazo wakubwa walizitaka, lakini watazamaji walizipenda kwa sababu yao wenyewe: walikuja kucheka. Katika Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilicheza michezo kwa Kiswahili cha Katanga katika radio na televisheni. Mwaka 1986 kikundi hicho kilitengeneza mchezo juu ya msemo unaosema kwamba utawala huliwa mzima, na mtaalamu Johannes Fabian akauandikia kitabu. Watu wa Katanga walijua tangu zamani kwamba jambo la hatari linaweza kusemwa likivaa nguo ya mzaha.

Kwa nini Karishika inachekesha leo

Sababu ya kwanza inaonekana kwa macho. Moto wa kuzimu umebandikwa juu ya picha kwa kompyuta ya zamani. Watu wanatoweka ghafla, na mtazamaji anaona mahali ambapo picha imekatwa. Lusiferi anasema kama mkubwa wa ofisi anayewagombeza makarani wake. Waliokuwa watoto sasa wanatengeneza video wenyewe kwa simu, wanajua jinsi mtu anavyofanywa apotee. Ukishajua siri ya mchezo, kitisho kinapungua.

Sababu ya pili ni ukumbusho. Mtu mzima anayecheka Karishika anamcheka mtoto aliyekuwa yeye, aliyejifunika shuka kichwani. Anacheka pamoja na wenzake waliojifunika vilevile. Ndiyo maana filamu hii haitazamwi vizuri ukiwa peke yako. Utamu wake uko katika kelele za chumba.

Jambo hili limetokea kwingine pia. Katika Marekani, filamu The Rocky Horror Picture Show ya mwaka 1975 haikupata watu ilipotoka, kisha ikapata kundi lake katika maonyesho ya usiku wa manane, watazamaji wakijibizana na picha kwa sauti. Sam Raimi alitoa The Evil Dead mwaka 1981 ili kutisha. Mwaka 1987 akatoa ya pili, na safari hii kicheko na damu vilikwenda pamoja. Hong Kong ilitoa Mr. Vampire mwaka 1985, ambamo maiti zinaruka-ruka kwa miguu miwili na mzee wa dini anazizuia kwa karatasi kwenye paji la uso. Katika Uganda, Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kidogo sana. Hiyo ni ya vita, haina pepo, lakini sauti ya msimulizi juu ya picha ndiyo iliyoifanya ipendwe hata nje ya Afrika.

Tofauti ni hii: filamu za Hong Kong na za Raimi zilikusudia kuchekesha. Karishika haikukusudia. Ilitengenezwa kwa dhati ili mtu aogope na kutubu. Kicheko kimeongezwa na watazamaji wenyewe, bila kumwomba ruhusa mwenye filamu. Ni kama nguo uliyopewa kwa ajili ya mazishi, ukaishona upya uende nayo harusini.

Woga una historia yake

Wengine husema kwamba filamu za Nigeria ndizo zilizoleta woga wa walozi katika Kongo. Historia haikubali. Katika miaka ya ukoloni, miji ya Katanga ilijaa habari za mutumbula: mtu anayewinda Waafrika usiku ili awapeleke kwa wazungu, wanoneshwe na kuliwa. Mwanahistoria Luise White amezichunguza habari za namna hiyo katika Afrika ya mashariki na ya kati, katika kitabu chake cha mwaka 2000. Anaonyesha kwamba watu waliozisimulia hawakuwa wajinga. Walikuwa wakisema, kwa njia yao, juu ya kazi za mashimo ya madini, mikataba, magari na madaktari wa kampuni: mambo yaliyochukua miili ya watu na kuwarudisha wamechoka au wasirudi kabisa.

Kwa hiyo pepo hubadilika kufuatana na shida. Enzi ya kampuni, mwenye kutisha alikuja na gari na taa. Enzi ya vita na njaa ya mjini, alikuja na nguo nzuri na fedha nyingi. Na katika miaka hiyohiyo ya 1990, sura nyingine ya kutisha ilitokea, ambayo wazee walikuwa hawajaizoea: sura ya mtoto.

Pale ambapo hakuna wa kucheka

Zamani, aliyeshukiwa ulozi alikuwa mara nyingi mtu mzima au mzee. Kuanzia miaka ya 1990, katika Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na miji mingine, lawama iliwageukia watoto. Filip De Boeck ameandika juu ya watoto hao wa Kinshasa katika kitabu cha mwaka 2004. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2006 juu ya watoto wa barabarani wa Kongo, likaeleza jinsi wengi walivyofukuzwa nyumbani baada ya kuitwa walozi, na jinsi wengine walivyofungwa, kupigwa na kunyimwa chakula katika makanisa yaliyodai kuwatoa pepo.

Ni mtoto yupi anayelaumiwa? Mara nyingi ni yatima. Ni mtoto wa ndoa ya kwanza anayeishi na mama wa kambo. Ni mtoto aliyeletwa kwa mjomba baada ya vita, ambaye anakojoa kitandani, anasema usingizini, ni mgonjwa au ana akili kupita umri wake. Kwa maneno mengine, ni mtoto ambaye kumlisha ni mzigo. Familia zilizokimbia vita zinalijua jambo hili kwa karibu, maana wao ndio wanaofika kwa ndugu wakiwa na watoto wa marehemu mikononi.

Filamu zilikuwa na sehemu yao katika jambo hili. Mwaka 1999 ilitoka Nigeria filamu nyingine, End of the Wicked, iliyoongozwa na Teco Benson. Humo watoto wenyewe wanaonyeshwa wakiingia katika kundi la walozi usiku na kuharibu familia zao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu sana kwa kuwapa wazazi sababu ya kuwashuku watoto wao, na mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom likapitisha sheria ya kumwadhibu anayemwita mtoto mulozi.

Ukiziweka filamu hizi mbili pamoja, unaona mahali ambapo kicheko kinafaa na mahali ambapo hakifai. Karishika ni mtu asiyekuwepo. Hakuna anayekaa Kamina, Kabongo au Malemba-Nkulu mwenye pembe zake. Kumcheka hakumwumizi mtu. Lakini mtoto wa End of the Wicked anafanana na mtoto aliye jikoni. Filamu ikiisha, pepo la kwanza linabaki kwenye kaseti. La pili mtazamaji anaweza kulitafuta nyumbani mwake.

Sheria ya Kongo iko wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshtaki ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini ya franka 200,000 hadi 1,000,000 kwa anayemshtaki mtoto ulozi. Haisemi kwamba mchungaji au mzee wa ukoo ameachiliwa. Inamhusu kila mtu.

Mtoto wa Lubumbashi anajibu

Mwaka 2023, jibu moja lilitoka kwa mtu wa Katanga mwenyewe. Mwanamuziki Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, Augure. Ilipata tuzo la sauti mpya huko Cannes, katika sehemu ya Un Certain Regard, na Ubelgiji ikaichagua iiwakilishe katika mashindano ya Oscar.

Jina lake peke yake ni hadithi. Kwa watu wa huku, baloji ni walozi, na yeye amebeba neno hilo maisha yake yote. Katika filamu, kijana Koffi anarudi Kongo kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake mzungu ili aonane na familia. Zamani familia hiyo ilimwona kuwa na alama ya shetani. Akiwa amembeba mtoto mchanga wa ndugu yake, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto. Papo hapo watu wazima wanashtuka kama waliouona mwisho wa dunia. Mtazamaji anaweza kucheka kwa fujo ile, kisha kicheko kinakatika, kwa sababu anaona uso wa mtu anayeshtakiwa kwa damu ya pua.

Hapo ndipo Augure inapopita Karishika. Karishika inamwuliza mtazamaji: unaweza kumtambua pepo? Augure inamwuliza: ikiwa ni wewe unayenyoshewa kidole, utajitetea kwa neno gani? Mulozi anaonekana kutoka ndani, na si mulozi hata kidogo. Ni mtu aliyekosa pa kurudi.

Kinachobaki

Filamu za kutisha na kuchekesha hazitaondoka. Zinapendwa kwa sababu zinawapa watu nafasi ya kukaa karibu na woga wao bila kuumizwa nao, wakiwa pamoja, kwa sauti kubwa. Familia iliyokimbia usiku kwa risasi za kweli ina haki kuliko wote ya kucheka moto wa kuzimu uliochorwa vibaya.

Lakini kazi ya mpiga ngoma inabaki palepale. Jioni, wakati watoto wa nyumba na watoto waliokuja na vita wanakaa mbele ya simu moja, mtu mzima aliye nao ndiye msimulizi. Anaweza kunyamaza, na kila mtoto akalala na woga wake. Anaweza kusema neno baya, la mzaha tu, kwamba Karishika anafanana na yule yatima wa pembeni, na kesho wenzake wakaanza kumwita hivyo. Au anaweza kuwaonyesha mahali picha ilipokatwa, awaeleze jinsi mwigizaji alivyopotea, na kuwaambia wazi kwamba katika nyumba hiyo hakuna mtoto aliye mulozi.